Chumba cha Kupitia

Kwa Fundi Cherehani,
nyuma ya pazia la kujaribia nguo,
Jumatano asubuhi, tarehe 14.

Mpendwa mdogo wangu,

Zipokee salamu zangu kwa mikono miwili, maana nimezibeba tangu juzi na zimeanza kunielemea. Hujambo wewe? Mguu unaendeleaje, bado unavimba ukisimama sana kazini? Na shemeji kifua chake? Mwambie aache ushujaa wa kulala dirisha wazi, baridi ya huko si ndugu yake. Watoto nao wazima? Nasikia wakubwa wameshaanza kukujibu kwa lugha ya huko. Wavute masikio kidogo kwa niaba yangu.

Mimi sijambo. Mwili upo, nguvu zipo, jino moja la nyuma limehama bila kuaga. Mdomo usiuulize, huo ndio mzima kuliko viungo vyote.

Mwandiko wangu usiucheke. Shule niliiacha mapema na yenyewe haikunifuata. Herufi zangu zinaegemeana kama walevi, lakini zote zinafika nyumbani. Ukikwama mahali, soma kwa sauti, utanisikia.

Utasema, huyu si ana simu? Ninayo. Lakini simu ya nyumbani kwetu unajua inavyopigwa. Mimi nikisema haloo chumbani, kaka anauliza "nani huyo?" akiwa uani, na wifi anafunga bomba ili asikie vizuri. Na haya ya leo hayataki sikio la tatu. Ndiyo maana umeona anwani yangu. Niko kwa rafiki yangu fundi cherehani, kwenye kile kipembe cha wateja kujaribia nguo, nimekalia robota la vitambaa, karatasi iko gotini. Nje mashine inakimbia, na kila anayeniulizia anaambiwa kuna mteja anajaribu gauni. Kwa muda niliokaa humu, mwenzangu, hilo gauni lazima lina mikono minne.

Barua atakuletea mke wa muuza viatu, anakuja huko kumwona mwanawe. Anaondoka kesho, Ijumaa mtakuwa naye. Bahasha nimeipaka gundi pande zote, maana yule mama naye ni kama mimi.

Habari ndogo ndogo nizitoe kwanza, zisije zikanikaba. Yule kinyozi wa ng'ambo ya barabara ameoa! Na kamuoa nani? Yule yule mama wa ghorofani aliyekuwa anamtukana kila asubuhi kwa kumwaga maji ya nywele njiani. Sasa maji anamwaga mama mwenyewe, na akipita mtu akilalamika, anatukanwa yeye. Mapenzi ni kazi, mdogo wangu. Kaka naye tangu astaafu hana watu wa kusimamia, basi anawasimamia sisimizi. Juzi nimemkuta ameinama ukutani anawaelekeza njia. Wifi amepaka nywele rangi. Alitaka nyeusi, imetoka rangi ya birika la zamani. Tumemsifu, tufanyeje.

Haya. Sasa kaa chini, kama umesimama.

Nyumba ya baba inavunjwa.

Usilie kwanza, hujamaliza kusikia. Haiuzwi. Ingeuzwa tungeshapandishiwa pale moja ya yale majengo ya vioo, yale yaliyokaa kama makabati ya dawa. Ni Rula aliyetuokoa, mtoto wa kaka. Si unakumbuka jina hilo tulimpa kwa sababu alikuwa hali mkate mpaka aupime wake na wa mwenzake? Sasa ndiye mchora ramani mkubwa, ana ofisi na miwani. Alikuja akatuambia mji umejaa nyumba zisizojua zimetoka wapi. Akasema kiwanja chetu ni kidogo lakini kinatosha kajengo ka ghorofa tatu, fleti sita, kila mmoja wetu na yake, nyingine zipangishwe kulipa deni la ujenzi. Na kajengo hako kafanane na nyumba ya baba kama mtoto anavyofanana na babu yake. Sura ile ile, kimo ndicho tofauti.

Na sisemi kwa kuwa ni mtoto wetu, lakini kazi kaifanya. Yale matundu ya hewa baba aliyoyachonga juu ya milango, umbo la jani na jani, kayachora moja moja, na sasa yatakuwa juu ya kila mlango wa kila fleti, upepo upite hata umeme ukikatika. Kibaraza cha mbele kinabaki, na lile bonde lililochimbwa na makalio ya wageni wa baba. Ukuta wa mbele hauguswi. Ua wetu haufutwi, unapanda juu. Yaani unabaki wazi katikati mpaka mbinguni, ngazi zinauzunguka, na kila jiko lina dirisha la kuutazama. Mama angekuwepo angeweza kumgombeza mtu wa ghorofa ya tatu bila kutoka jikoni. Nilipoona mchoro ule, roho yangu ilituna kama mkate.

Kumbe sijaona chumba changu.

Chumba changu unakijua, na wanao ukiwasimulia hawataamini. Kiko kati ya mlango wa mbele na ua. Na uani ndiko kuliko jiko, bomba na choo. Basi mtu akitoka mbele kwenda nyuma, au nyuma kuja mbele, hana njia nyingine ila kupita miguuni pa kitanda changu. Ulipoolewa ukaondoka, pale palikuwa pa kuwekea baiskeli. Mimi niliporudi kutoka kwa yule bwana, Mungu amlaze anapostahili, nikaambiwa tandika godoro hapo kwa muda. Baiskeli iliuzwa. Muda haukuisha. Nikatundika pazia, na pazia lenyewe kila anayepita analipiga bega.

Ndiyo maana watu wananiona nina umbea. Sasa mtu afanyeje? Habari zote za nyumba zinapita mbele ya mto wangu zikiwa na ndoo mkononi. Hata nikifumba macho zinanisalimia. Wajukuu wa kaka wananiita Bibi Mlango. Nacheka, nawapa peremende.

Basi Rula alipokuwa anapima nyumba, alikaa sana chumbani kwangu. Kapima pazia, kapima hatua za watu, kachora hata kitanda. Akaniuliza, Shangazi, unajisikiaje watu wakipita hapa siku nzima? Mimi nikamwambia najisikia kama mfalme, hakuna atakayekwenda chooni bila kunisalimu. Tukacheka wote mpaka machozi. Ulimi wangu huu! Mtoto wa watu alikuwa anaandika.

Nilijaribu kumweleza. Nikamwambia, baba yangu hakupanga mambo haya. Mwanzo kulikuwa na kichochoro cha pembeni, jirani akajenga ukuta wake mpaka kwenye nyusi zetu, baba akapandwa na hasira, akachukua nyundo akatoboa chumba. Ni tundu la hasira lile, si la urithi. Unajua alinijibu nini? Akasema ndio urithi wenyewe, Shangazi, watu kupata shida wakaitafutia njia. Ukibishana na msomi anayekupenda huna pa kutokea. Kila neno unalosema analiweka kwenye mchoro.

Halafu akaleta mama mmoja wa ile ofisi inayolinda majengo ya zamani. Wao ndio wanatoa kibali. Mama mpole, viatu vya kelele. Akasimama katikati ya chumba changu, akafunga macho, akasema hii ndiyo roho ya nyumba. Wakati huo roho ya nyumba ilikuwa imepiga magoti inatafuta kandambili chini ya kitanda. Wakanipiga picha. Kibali kikatoka na sifa juu, kwamba chumba cha katikati kimebaki na kazi yake na mtu wake.

Mtu wake ndio mimi.

Jumapili iliyopita sasa, Rula akaja na mfano wa nyumba, kaukata kwa kadibodi, mzuri huo, hata vijani vya matundu vipo. Akauweka juu ya kitanda changu, maana ndipo penye nafasi na mwanga. Kaka akavuta kiti, wifi akaegemea mlango, mimi nikakaa kwenye ndoo. Kila ghorofa inafunuka kama kifuniko. Kaka na wifi ghorofa ya kwanza, mbele. Rula na mkewe ya pili. Wewe ukapewa ya juu kabisa, ya nyuma, inayotazama ua. Vyumba viwili, jiko lake, choo chake ndani kwa ndani, kiroshani cha kuanikia nguo. Na mlango. Akasema hii ya Shangazi Mdogo, siku akirudi.

Kisha akatoa mfukoni kimtu cha karatasi, kina kilemba chekundu kama changu, akakisimamisha chini kabisa, pale pale njiani. Pazia kaligeuza kuwa kiambaza cha mbao chenye matundu, eti niwaone watu wote wakiingia na kupanda ngazi, na wao waone kilemba. Fleti zote sita zinapitia hapo.

"Na huyu ni Shangazi," akasema.

"Jamani, kafanana!" wifi akapiga makofi. "Hata mkono kauweka kiunoni. Mdomo tu ndio mdogo."

"Mdomo ulihitaji kadibodi yake peke yake, mama."

Tukavunjika mbavu. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, kama kawaida. Halafu sijui ni nini kilinishika mkono. Nikakiokota kile kimtu, nikakipandisha juu kabisa, nikakisimamisha kwenye kiroshani chako.

"Shangazi umepotea njia," Rula akasema.

"Sijapotea. Nimepanda ngazi."

Akanishusha kwa vidole viwili, kwa adabu zake zote. Nikakipandisha tena.

"Wewe mwanamke," kaka akasema, "utamchosha huyo wa karatasi. Magoti yako ngazi zile yataziweza?"

"Magoti yangu yamekulalamikia lini?"

"Haya, ukifika huko juu utaongea na nani? Na njiwa?"

"Njiwa hawapiti na ndoo."

Wakacheka tena, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kinachechemea. Rula akavua miwani. Akasema, "Shangazi, wewe ukitoka hapa panabaki nini? Panabaki korido tu. Na kule ofisini nimewaambia utakaa. Nitawaambia nini?"

"Waambie nimehama. Watu huhama. Au mweke mama yako."

"Mimi?" wifi akaruka. "Mimi nikalale njiani kama mbwa wa mlinzi?"

Mdogo wangu, neno lilikuwa limeshatoka. Wifi aliona alichokisema. Uso ukamgeuka, akanishika bega haraka haraka.

"Sina maana hiyo, wifi yangu. Wewe umezoea."

Nimezoea. Hakukosea, maskini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wifi hajakilalia, anakipita tu. Lakini neno lile liliingia likakaa. Nikawatazama wote watatu, watu wanaonipenda, hakuna hata mmoja mwenye roho mbaya, nikaona wananijengea. Wanajenga kwa zege na nondo. Pazia mtu anaweza kulishusha. Kile kiambaza kikishachongwa, kikishapigiwa picha na yule mama wa viatu vya kelele, nani atanitoa? Watakuja watoto wa shule kunitazama. Nitakufa pale, na watu wa fleti sita watalazimika kuniruka wakienda kazini.

Basi nikafungua mdomo. Na wewe unajua mdomo wangu ukifunguka haurudi na mikono mitupu. Nikasema:

"Mdogo wangu amenipa ile yake ya juu. Ameshasema."

Ndiyo, wewe. Ndivyo nilivyosema. Hukusema, najua hukusema, hata ndotoni hukusema.

"Lini?" kaka akauliza.

"Alipiga simu."

"Simu gani hiyo nisiyoisikia mimi?" wifi akasema, na hapo alikuwa na haki.

"Nilikuwa sokoni."

"Sokoni huendi na simu. Unaogopa wezi."

"Siku hiyo niliwaacha wezi nyumbani nikaenda na simu."

Hakucheka mtu. Rula alikuwa amekishika kile kimtu kwenye kiganja, anakitazama kama anakipima upya. Akasema sawa. Akasema Jumamosi jioni atakupigia mwenyewe, akusikie kwa kinywa chako, kwa sababu Jumatatu michoro ya mwisho inakwenda ofisini, na baada ya hapo hakuna kuhamisha mtu wala choo. Kisha akafunika ghorofa zake akaondoka. Kimtu hakukirudisha chini wala hakukiweka juu. Alikitia mfukoni.

Tangu hapo nyumbani nimebanwa kila upande. Kaka ananitazama kwa jicho la upande mmoja. Wifi ananiletea chai bila kuitwa, na akipita ananyata. Heri angepiga mlango. Ukimwona mtu ananyata mbele yako ujue anakuhurumia, na mimi kuhurumiwa na wifi kunanichoma kuliko pilipili ya jicho.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, na usimsomee shemeji.

Mimi nyumbani kwetu sijawahi kulia. Tangu nirudi. Fikiria. Mama alipotutoka, ulikuja, ukajitupa kitandani mwangu ukalia mpaka ukalala. Kila aliyepita alikupapasa mgongo. Ukajiuliza, ukaniuliza hata mimi, mbona dada macho makavu. Nikakutania nikasema machozi yangu yana foleni. Ulipoondoka, nilikuja hapa kwa fundi, nikaingia nyuma ya pazia hili hili, nikavaa gauni la mtu ili fundi asidanganye watu, nikalia humo. Fundi alikanyaga mashine tu, kitambaa hakina hata uzi, ili nisisikike. Nilipotoka akasema gauni limenibana kifuani, nikasema ndiyo.

Mtu anayekaa njiani lazima awe na uso, mdogo wangu. Watu wakipita asubuhi wanataka kukuta umecheka, maana wakikukuta umenuna siku yao inaharibika, na watauliza, na wakiuliza wanauliza wote. Basi unaamka unavaa uso kabla ya kuvaa kilemba. Watu wakaona dada mchangamfu. Na kweli mimi ni mchangamfu, sikatai, sijifanyi. Ila hata redio huwa inazimwa.

Nataka nijue nikoje nikiwa sitazamwi. Labda ni mtu mkali. Labda naimba vibaya zaidi ya ninavyojua. Labda nikiwa peke yangu sina la kusema kabisa, nitastaajabu sana.

Ngoja.

Nimerudi. Wifi amekuja hapa mlangoni kwa fundi kuuliza kama nimeonekana. Nimenyanyua miguu juu ya robota, maana pazia halifiki chini, kalamu nimeing'ata. Fundi kamwambia nimeelekea kwa muuza mboga. Wifi akasema, "Huyo naye! Nyumba imekaa kimya mpaka naogopa. Mwambie arudi." Umemsikia? Ananipenda. Wote wananipenda. Ungekuwa mlango wa chuki ningeshaupiga teke zamani. Wa upendo unaanzia wapi?

Basi ombi langu ndilo hilo, umeshalijua. Jumamosi jioni Rula akikupigia, akikuuliza, "Shangazi Mdogo, ni kweli?", wewe useme ndiyo. Usieleze sana. Ukieleza sana utanikamatisha, kwa sababu mimi nilisema simu ya sokoni na wewe utasema sijui ya wapi. Sema ndiyo, halafu umuulize habari za mkewe.

Najua ninachokuomba si kijiko. Ile fleti ndiyo mahali pako hapa duniani siku miguu ikikuchoka huko. Najua unavyosema kila mara, nikirudi, nikirudi. Sikunyang'anyi. Ukirudi, chumba kimoja chako, kimoja changu, jiko tutagombana kama zamani. Ukitaka nikuandikie, nitaandika, ila wewe ndiye utakayelazimika kusoma mwandiko wenyewe.

Chini pale tumeshawaza na fundi. Kiambaza kibaki, kibaraza kibaki, chumba kikae na benchi na chupa ya chai, na mimi nitashuka mchana, nikae na watu, nipige soga mpaka watu wa ofisi waridhike. Roho ya nyumba itakuwepo. Jioni itapanda kulala. Hilo nitamwambia Rula mwenyewe, lakini baada ya neno lako. Kabla ya neno lako sina miguu ya kusimamia, mimi ni mwongo wa kwenye ndoo.

Na ukiona haiwezekani, ukisema hapana, sikulaumu. Haki yako. Useme tu taratibu, kwa sababu Rula ataweka simu kwenye sauti kubwa na mimi nitakuwa nimekaa pale pale kitandani, katikati yao. Nitacheka. Nitasema, jamani nilikuwa nawatania. Wataamini, maana siku zote nimewatania. Na wifi ataacha kunyata.

Ila ukisema ndiyo, nikwambie ninachokitaka, utaniona mwehu. Huko mjini kwenu kila mtu ana mlango wake, huwezi kujua. Katika maisha yangu yote hapa, hakuna mtu aliyewahi kunibishia hodi. Unabishaje hodi njiani? Wanaingia tu, wanatoka tu. Basi siku ukija, upande hizo ngazi na mguu wako mbovu, ufike mlangoni kwangu ukute umefungwa. Ubishe hodi. Mimi nitakuwa ndani nimekaa, nakusikia, na sitajibu mara moja. Usikasirike ukadhani sipo au nimepata kiburi. Bisha tena, dada yako anasikiliza.

Nisalimie shemeji na kifua chake. Nisalimie mwanao mkubwa, na yule wa kati mwenye aibu, na kitinda mimba mbusu mashavu yote mawili. Kaka na wifi wangekusalimu kama wangejua naandika, basi wapokelee salamu zao kwa kukisia. Fundi cherehani anakusalimu kwa kelele za mashine. Anasema mteja wake wa kweli amefika na anataka kipembe.

Mungu akupe usingizi usioguswa bega, na riziki ya kukaa, siyo ya kusimama.

Ni mimi nikupendaye nikiwa na uso na nisipokuwa nao,

Dada yako.